Mwanamke Mrefu wa Fundi Pindo

Siku ya kwanza alipoingia dukani kwangu nilimdhania mwizi. Aliyapita majora yote ya bei nafuu pale mlangoni bila hata kuyatupia jicho, akaenda moja kwa moja ndani, kwenye hariri ninayoiweka juu ili watu waitamani kabla hawajauliza bei. Akavuta ncha yake. Wateja wengi hushika kitambaa kwa vidole, wanakisugua kama noti wanayoishuku. Huyu alikilaza juu ya mkono wake, upande wa ndani penye mishipa, akakiacha kiteleze na kuanguka chenyewe.

"Hiki kitauma kwapani," akasema.

"Hakijamuuma mtu bado. Wanaokivaa ni watu wakubwa."

"Watu wakubwa hawainui mikono, Mama."

Nilicheka, lakini macho yangu hayakutoka kwenye vidole vyake. Katika biashara ya vitambaa, mteja anayekuchekesha ndiye wa kuchungwa. Nikamtajia bei ya kumtimua, bei ambayo hata mimi niliona haya kuitamka, akaikubali palepale. Hapo ndipo wasiwasi uliponiingia kweli. Mtu asiyeomba kupunguziwa, ama hana nia ya kulipa, ama ameona ndani ya mali yako kitu ambacho wewe mwenyewe hujakiona.

Alilipa. Basi nikajua kuna kitu kanizidi. Haukupita muda mrefu nikaiona hariri yangu mwilini mwa mke wa daktari mmoja, imemkaa kama kazaliwa nayo, na mikono anainua apendavyo. Chini ya kwapa fundi alikuwa ametia kipande kidogo cha kitambaa kingine laini, hukioni mpaka uambiwe. Nikauliza nani kashona. Nikaelekezwa chumba cha mwisho, ukingoni mwa soko, kwa bwana yuleyule wa hariri. Huko walimwita Fundi Pindo, kwa sababu pindo lake halikuwahi kumshukia mtu.

Nilikwenda kumposa, kikazi. Jora begani, maneno machache. Kitambaa changu, mshono wake, magauni yatundikwe dukani kwangu; wateja wake wa zamani abaki nao. Tukapatana.

Chumba chenyewe kilikuwa kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele palikuwa na cherehani cha miguu karibu na dirisha, meza ya kukatia, pasi, na kioo kirefu kilichopasuka kona moja. Nyuma ya pazia ndiko alikoishi na dada yake, na huko kulikuwa na mlango mwingine wa kutokea uchochoroni. Sanamu la kuvalishia nguo hakuwa nalo. Mwenye chumba alikuwa Mwenyekiti wa soko, mtu aliyependa heshima kuliko kodi, na kodi aliipenda sana. Aliwahi kumfukuza muuza viatu kwa kosa la kugombana na mkewe mbele ya wateja. Chumba kile ndicho kilichokuwa riziki yao na paa lao, na wote wawili walijua kuwa kiko mkononi mwa mzee mwenye pua ndefu.

Dada mtu ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, dada alikuwa msichana mwenye cherehani na mdogo wake mgongoni. Akashona sare za shule. Hakuwa na mtu wa kumpimia, basi alimsimamisha mdogo wake juu ya kigoda, akamvika magauni ya shule ya wasichana, akambana pini kiunoni, akamwambia asipumue. Macho yalipoanza kumchoka, akamwachia cherehani. Wapo waliokuja kuniambia baadaye kwamba mambo yote yalianzia juu ya kile kigoda. Mimi sijui. Utotoni nilibebeshwa maji kila asubuhi, na sikuwa bomba.

Kazi ikaenda vizuri mno. Ndipo nikaanza kuona mambo.

Gauni jipya lina tabia zake. Limenyooka, linanuka pasi, na pindo lake safi. Magauni ya Fundi Pindo yalikuja yamenyooka na yananuka pasi, lakini baadhi yake, ukiyainua kwenye mwanga, yalikuwa na kivuli cha mkunjo pale mtu anapokalia. Pasi ilipita, mkunjo ukakataa kuondoka wote. Siku moja nikapitisha kidole ndani ya pindo kikatoka na vumbi jekundu. Sakafu ya Fundi ilikuwa ya saruji. Vumbi jekundu liko ng'ambo ya mto, kule barabara zinakochimbwa.

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo biashara yangu. Nikajiambia: huyu bwana anakodisha magauni yangu. Kuna mwanamke huko anatamba nayo wikiendi, kisha yanarudi, yanapigwa pasi, nawauzia watu kama mapya. Jina litakaloharibika ni langu.

Sikumwambia neno. Ukimwambia mtu unamshuku, umemfundisha kujificha. Badala yake nikaenda kununua zipu kwa jirani yake, muuza vifungo. Mtu huyo, sisi tulimwita Vifungo tu, alikaa kwenye kibanda kinachotazamana na mlango wa Fundi na mdomo wa uchochoro, na kazi ya vifungo humwachia mtu muda mwingi wa kutazama.

"Bosi," aliniambia huku akichagua zipu moja moja kama anachambua mchele, "fundi wako kafuga."

"Kafuga nini? Kuku?"

"Kuku wa visigino! Mwanamke, Bosi. Mrefu huyo, kama nguzo ya simu. Anatokea mlango wa uchochoroni Jumatano mchana, soko likipoa. Anajifunika mtandio, hasalimii mtu. Na Fundi siku hiyo anafunga, eti kafuata nyuzi."

"Umemwona uso?"

"Mgongo tu. Lakini mgongo ule, Bosi, una pesa. Magauni gani yale!"

"Na dada mtu anasemaje?"

"Yule? Anakaa mlangoni kama kufuli. Ukimuuliza saa anakwambia hana."

Nikaiendea kufuli hiyo. Jumatano iliyofuata, mchana, nikabisha mlango wa mbele. Dada alifungua nusu, akasimama katikati ya nafasi iliyobaki.

"Karibu, Mama. Fundi hayupo."

"Kafuata nyuzi?"

"Nani kakwambia?"

"Wewe ungeniambia nini?"

Akanitazama. Alikuwa na macho ya mtu aliyetunga sindano miaka mingi, yanajikunja kabla ya kukuona. "Ningekwambia hayupo," akasema. "Gauni lako la rangi ya zabibu litakuwa tayari kesho. Limebaki kidogo."

"Nilione hivyohivyo."

"Kazi isiyokwisha haionyeshwi, Mama. Wewe mwenyewe huonyeshi jora lenye tundu."

Jibu zuri, na ndiyo maana sikuliamini. Juu ya bega lake nilikuwa nimekwisha kuiona henga ukutani, ile ya gauni la zabibu. Ilikuwa tupu.

Nikaaga. Nikazunguka soko, nikasimama uchochoroni nyuma ya matenga, kwenye joto, mimi mwenye duka, kama mtoto anayevizia jirani. Na kweli, mlango wa nyuma ulikuwa ndiyo kwanza umefungwa. Mbele yangu alikwenda mwanamke mrefu, kajifunga mtandio mweusi, mkoba mdogo begani, na mwilini gauni langu la rangi ya zabibu.

Nitasema ukweli wa kibiashara: lilimpendeza. Sijawahi kuona gauni langu likitembea vile. Hakulitikisa wala hakulivuta, alilibeba kama mtu anayebeba maji yaliyojaa bila kuyamwaga. Nikazidi kukasirika. Na nikaona jambo jingine lililoniongezea uhakika: mgongoni, sambamba na zipu, ulishuka uzi mweupe wa bandi. Mafundi hushikiza zipu kwa uzi wa bandi kwanza, kisha hupitisha cherehani, kisha huuchomoa. Huu ulikuwa haujachomolewa. Nikasema, tazama walivyo na haraka, hata uzi hawakungoja utolewe.

Tukavuka daraja, yeye mbele, mimi nyuma. Ng'ambo alibadilika kidogo. Mabega yakashuka. Akasimama mbele ya kioo cha duka la dawa, hakutazama dawa. Akanunua chungwa kwa kuonyesha kidole, akalila amekaa kwenye ukuta mfupi karibu na kituo cha mabasi, ganda akalishika mkononi asichafue. Nilingoja mwanamume aje. Au mwanamke mwenzake wa kubadilishana naye mkoba. Mtu aje, maana hakuna anayetembea mwendo wote ule kuja kula chungwa. Hakuja mtu. Akanyanyuka, akapangusa nguo, akaendelea.

Pale kituoni walikuwapo askari wawili, koplo mmoja mnene aliyekuwa na kijiti mdomoni, na askari wa kike kijana. Siku zile pochi zilikuwa zinaporwa sana vituoni, na kila anayepita alitazamwa mara mbili. Koplo hakushughulika na mwanamke mrefu. Ni askari wa kike aliyemwona, na alichokiona ni ule uzi.

"Dada!" akamwita, kwa wema kabisa. "Dada mrefu! Una uzi mgongoni."

Mwanamke hakugeuka.

"Dada, nakusemesha vizuri, nguo yako!"

Mwanamke akaongeza mwendo. Hapo koplo akakitoa kijiti mdomoni. Ukiitwa na askari ukatembea polepole, wewe ni kiziwi; ukitembea haraka, wewe ni kesi.

"Simama hapohapo. Unakimbia nini, pochi ya nani hiyo?"

Akasimama. Koplo akamzunguka mbele. Watu kituoni hawana kazi mpaka basi lije, basi walijaa haraka. Mimi nikajipenyeza hadi nyuma ya muuza machungwa.

"Kitambulisho."

Mkono ukaingia mkobani, ukatoa kitambulisho. Koplo akakisoma. Akamtazama. Akakisoma tena, akakigeuza nyuma, kama vile huyo mwanamke angekuwa kachapwa upande wa pili.

"Hiki cha nani?"

"Changu, afande."

Sauti ile iliniambia hariri yangu itauma kwapani. Sauti ile niliisikia kila wiki ikinihesabia mita.

"Chako!" Koplo akacheka kwa pua. "Kwa hiyo bwana huyu wa kwenye picha ni wewe?"

"Ni mimi, afande."

"Mama yangu wee!" mtu akapiga kelele. "Ni dume!"

"Mvueni mtandio tumwone!"

"Huyo ndiye mpora pochi, hao ndio wanaojigeuza!"

Askari wa kike alikuwa ameduwaa. Alikuja kumsaidia mwanamke mwenzake kuhusu uzi, sasa kaupata mkutano. Kwa aibu yake akashika lile alilolijua. "Na gauni? Gauni hili lina uzi wa fundi, halijauzwa bado. Umelitoa wapi?"

Fundi Pindo akanyamaza. Nikaelewa kwa nini. Akisema ni lake, kasema uongo, na mara moja watauliza watu sokoni. Akisema la kwangu, wataniita. Kwa vyovyote habari itamfikia Mwenyekiti, na chumba kitakwenda, na dada yake ndani yake.

Na mimi nikapiga hesabu zangu palepale nyuma ya muuza machungwa. Tulikuwa na kazi kubwa mkononi, sare za wapokezi wa hoteli, na mtu wa kuzimaliza alikuwa huyo aliyezungukwa. Akilala kituo cha polisi, sare zimelala naye. Kwa upande mwingine, alikuwa amevaa mali yangu bila idhini yangu, na huenda miezi yote ile. Nilikuwa na haki ya kushtaki. Vilevile nilikuwa na miguu, ningeweza kuvuka daraja nikarudi dukani kana kwamba sikuona. Huruma, kama ilikuwapo, ilikuja mwisho katika foleni.

"Gauni ni langu," nikasema, nikajitokeza.

Fundi aliniona. Uso wake ulikuwa na poda, na chini ya poda damu yote ilikuwa imeondoka.

"Ahaa!" Koplo akafurahi. "Mwenye mali kaja mwenyewe. Mama, umeibiwa?"

"Sijasema nimeibiwa, afande. Nimesema ni langu. Na huyu ni fundi wangu. Hana sanamu, analijaribu gauni kwa mwili wake. Gauni halijulikani mpaka litembee."

"Litembee mpaka huku?"

"Wake zenu wanavaa magauni wakae nayo chumbani? Wa kwako umemwekea kufuli?"

Watu wakacheka, na hicho ndicho nilichokitaka. Kundi linalocheka halirushi mawe. Lakini koplo hakucheka.

"Mama, usinichezee akili. Mwanamume akijivika hivi, kajifanya mtu mwingine. Hiyo ni kesi, na wewe unaweza kuwa shahidi au unaweza kuwa mwenzake. Chagua."

"Haya. Ulimwomba kitambulisho, akakupa cha nani?"

"Chake."

"Picha ya nani?"

"Yake."

"Ulipomuuliza kama ni yeye, akakataa?"

Koplo akakirudisha kijiti mdomoni.

"Basi kajifanya nani, afande? Anayejifanya mtu mwingine anakupa karatasi za mtu mwingine. Huyu kakwambia yeye ni yeye, mbele ya kituo kizima."

"Mama kasomea wapi huyu?" akasema mtu.

"Sokoni," nikamjibu bila kugeuka.

Nikaona koplo anapima. Namjua mtu anayepima. Bei yako kaiona si mbaya, anatafuta namna ya kuikubali bila kushuka. Akamgeukia Fundi. "Wewe. Ni kweli asemavyo? Uko kazini?"

Hapo palihitaji neno moja. Ndiyo. Neno fupi kuliko yote katika biashara.

"Gauni nalijaribu kweli," alisema Fundi taratibu. "Linabana kwapa la kushoto, nitalifumua. Lakini hata lisingebana, afande, ningelivaa."

Nilifumba macho. Bei imekubaliwa, mizigo inafungwa, na muuzaji anafungua mdomo kuongeza neno!

"Umesikia, Mama?" Koplo akaniuliza.

"Nimesikia. Na wewe umesikia. Sasa niambie nani kalalamika. Mwenye gauni ni mimi, sijalalamika. Mwenye pochi yuko hapa?"

Hakuna aliyejitokeza. Na ndipo yule askari wa kike akasema, "Koplo, pochi tunazotafuta haziko hapa." Kisha akamwambia Fundi, "Geuka." Fundi akageuka. Akaushika ule uzi mweupe juu kabisa, akauvuta polepole ukatoka wote, mrefu, akauviringisha kwenye kidole na kumpa. "Ulikuwa unaning'inia," akasema. "Ndilo nililotaka kukwambia."

Koplo akaona biashara imefungwa bila yeye. Akanirudishia mimi kitambulisho, si mwenyewe, ili angalau apate hilo. "Mtafutie suruali, Mama. Nikimwona tena na mambo haya, nawachukua wawili." Wakaondoka. Basi likaja, kundi likapungua.

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Mpaka hapo hakuna aliyetujua. Ng'ambo ile si ya soko letu. Habari ilikuwa ya mwanamume fulani aliyevaa gauni, na wanaume fulani ni wengi. Nilivuka barabara kwa muuza nguo kuukuu, nikachukua suruali na shati, sikuchagua hata rangi. Nikampa. Nikamwambia kwamba mwenye duka la dawa keshatukubalia chumba chake cha nyuma, akabadilie humo.

Fundi alizipokea. Akazigeuza, akatazama mshono wa suruali, mazoea tu. Kisha akazikunja vizuri akanirudishia.

"Ahsante, Mama. Sivai."

"Una wazimu? Ukivuka daraja hivyo, saa hizi soko limejaa tena. Mwenyekiti atakuona. Vifungo atakuona, na Vifungo ni redio."

"Najua."

"Chumba je? Dada yako je?"

Hilo lilimpata. Akatazama upande wa mto. "Dada anajua ninakotoka na ninakorudi. Kila Jumatano anakaa pale mlangoni roho juu, mpaka nirudi. Amechoka, Mama. Na mimi nikivaa hiyo suruali sasa, wale wa kituoni watakuwa na haki ya kusema nilikuwa nimejificha. Sikujificha. Nilikuwa natembea."

"Ulitokea mlango wa nyuma!"

"Ndiyo," akasema. "Hilo ndilo kosa langu."

"Na magauni yangu ulikuwa unayakodisha?"

Akanishangaa, akacheka, kicheko cha kwanza tangu asimamishwe. "Kumkodisha nani, Mama? Nani mwingine ana urefu huu? Nilikuwa nayavaa. Mara moja kila moja. Nimekosa, ningekuomba."

"Ningekataa."

"Ndiyo maana sikuomba."

Akaanza kutembea. Sitajipamba: sikutembea naye. Nilitembea nyuma yake, kwa umbali wa mtu ambaye akiulizwa anaweza kusema anaenda zake. Suruali nilikuwa nayo kwapani, labda atabadili mawazo katikati ya daraja. Hakubadili. Akaingia sokoni kwa njia kuu, mtandio kaushusha mabegani, kichwa wazi.

Vifungo alikuwa wa kwanza. Alisimama, bakuli la vifungo likamponyoka, vikatawanyika njia nzima. "Jamani! Jamani! Mwanamke wa Fundi ndiye Fundi!"

Soko likalipuka. Wengine walicheka, wengine walizomea, mama mmoja wa mboga akaita watoto wake ndani. Mimi nilimtazama Mwenyekiti. Alikuwa ofisini kwake, dirishani. Alivuta pazia. Nikajua kwisha. Yule mzee akikugombeza, amekusamehe. Akivuta pazia, fungasha.

Dada alikuwa mlangoni. Alimwona mdogo wake akija kati ya kelele zile, akasimama kutoka kwenye kiti. Nilidhani atalia au atampiga. Akampangusa poda iliyochuruzika kwa jasho, kwa ncha ya kanga yake.

"Umekula?" akamuuliza.

"Chungwa."

"Ingia. Chai inapoa." Kisha akaniona mimi nyuma, na suruali kwapani. "Na wewe ulikuwa unatafuta nini ng'ambo, Mama?"

Nikaihamishia ile suruali kwapa la pili. Akafunga.

Mwenyekiti alituma mtu kesho yake: wahame. Sababu aliyoitoa ni kwamba chumba kinatakiwa kwa stoo. Hoteli nayo ikasikia. Meneja wa kike, mwenye sauti laini, akaniambia kwa simu kwamba wamebadili mawazo kuhusu sare, watatafuta mtu mwingine. Nikamuuliza mshono una kasoro gani. Akasema hauna. Nikamuuliza basi nini. Akasema mtandao unakatika.

Nikaenda kwa kina Fundi na pendekezo. Nyuma ya duka langu kuna chumba cha majora, na juu yake vyumba viwili. Cherehani kije pale, wao walale juu. Lakini atashona kwa ajili yangu tu, wateja wake wa zamani waje kupitia dukani kwangu, na lebo iwe ya duka. Nilijua hana pa kwenda. Mtu akiwa hana pa kwenda ndio wakati wa kupatana naye.

Fundi alitaka kukubali. Dada akamgusa goti, anyamaze.

"Lebo iwe na jina lake," akasema dada.

"Jina lake sasa linafukuza watu."

"Ndiyo maana nalitaka liwepo. Halafu Jumatano mchana hashoni."

"Hilo nimeshakubali."

"Hujakubali, Mama, ulikuwa hujaulizwa. Halafu gauni akilimaliza, akitaka kulivaa, analivaa, na wewe huweki kidole kwenye pindo."

"Gauni lililovaliwa linashuka thamani!"

"Basi uza kama lililovaliwa. Au mpe kitambaa cha kwake."

Tulivutana mpaka chai ikaisha. Yule mama aliyechoka macho aliniona vizuri kuliko watu wengi wenye miwani. Mwisho niliwaachia lebo na Jumatano, na kitambaa cha gauni moja kila jora linapoisha. Nikabaki na wateja na chumba. Nilipokuwa natoka akanisindikiza hadi ngazini. "Wewe hukumfuata kwa wema," akaniambia. "Ulimtetea, nimesikia, nashukuru. Lakini hukumfuata kwa wema." Nikamjibu sikumfuata kwa wema. Hatujapendana mpaka leo, ila tunaelewana.

Mambo yalikaa hivyo. Mimi nilipoteza hoteli, na kwenye kamati ya soko siitwi tena. Nilipata fundi bora upande huu wa mto na ule, asiye na mlango mwingine wa kuuzia kazi yake isipokuwa wangu. Dada alipoteza chumba alichokilipia kwa ujana wake, na huko juu ngazi zinamsumbua magoti, lakini Jumatano sasa analala mchana. Fundi mwenyewe alipoteza mlango wake wa barabarani, wateja aliowapata kwa jasho, na salamu za nusu ya watu waliomjua, kwa sababu alikataa suruali moja ya mtumba. Nimejaribu kuipiga hesabu hiyo mara nyingi, na kwa upande wangu haitoki.

Jumatano akishuka ngazi hupita katikati ya duka, wateja wakiwapo, anawasalimia, anatoka. Wapo wanaokitua kitambaa mezani na kuondoka. Hao nawaandika hasara. Wapo wanaomsindikiza kwa macho mpaka mlangoni, halafu wananigeukia na kuuliza bei ya gauni alilovaa. Hao nawatajia, na sipunguzi. Hadi sasa wa pili wamezidi kidogo. Bado siwaamini.